Kejeli na Kibali Chake

(Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Tanga. Maneno ya kando yameachwa kama yalivyosemwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, walimu wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimetuishia. Wazee, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimetaja salamu zote ninazozijua. Kama kuna niliyemwacha, itifaki imezingatiwa.

Mnacheka. Basi mhadhara umekwisha kuanza. "Itifaki imezingatiwa" ni maneno tunayoyatamka pale tu tunapoamua kutoizingatia. Msemaji analijua hilo, wasikilizaji wanalijua, hata mgeni ambaye cheo chake kimerukwa analijua, na mkutano unaendelea bila mtu kununa. Tumesema jambo moja, tumeelewana jingine.

Nimeombwa nizungumze juu ya kejeli katika maisha ya kila siku, na mtu afanye nini inapomwangukia. Nina jambo moja tu la kusema. Katika jamii yetu kejeli haikuachwa izurure ovyo. Ilikuwa na kibali. Alikuwapo mtu aliyeruhusiwa kukukejeli, mahali alipoweza kufanya hivyo, na wakati ambapo mambo hayo yalikwisha. Sehemu kubwa ya maumivu tunayoyapata leo inatokana na kejeli isiyo na kibali. Nitalieleza hilo kwa hoja tano zisizolingana urefu. Mtanivumilia kwenye ya pili.

Nitasema "kejeli" kwa maneno ya mtu, na "kinaya" kwa mambo yanayotokea kinyume na yalivyotazamiwa. Walimu wa fasihi wa Kenya na wa Tanzania wana mabishano yao juu ya istilahi hizi, nawaachia wenyewe.

Hoja ya kwanza: kejeli inataka watu wanaojua jambo moja

Kijana anaingia kazini saa nne asubuhi. Mlinzi wa getini anamfungulia, anampigia saluti: "Leo umewahi, bosi." Katika maneno hayo matatu hakuna la kweli hata moja. Si leo tu, hakuwahi, na bosi si yeye. Hata hivyo hakuna aliyedanganywa. Mwongo anataka usijue ukweli. Mkejeli asipokuwa na hakika kwamba ukweli unaujua, hana la kusema. Ndiyo maana kejeli ya mlinzi yule isingemfika mgeni aliyekuja ofisini kwa mara ya kwanza. Angedhani kweli kijana ni bosi.

Na si tusi pia. Tusi linaeleweka hata kwa mpita njia asiyewajua wahusika. Kejeli inamhitaji mtu anayejua kazi huanza saa ngapi, nani hupigiwa saluti, na sauti ya mlinzi huwaje asipokuwa na utani. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, umepitwa.

Kwa sababu hiyo watoto wadogo huipokea kwa uso wake. Mama akisema, "Ahsante mwanangu, umeniosha vyombo vizuri kweli," huku sufuria ina masizi, mtoto wa miaka minne anafurahi kwamba amesifiwa. Wanasaikolojia wameona kwamba mtoto huanza kuitambua kejeli akiwa na miaka kati ya 5 na 8 hivi, na kuiona inachekesha huja baadaye zaidi. Wako pia watu wazima ambao kejeli huwapita: baadhi ya wenye usonji, na baadhi ya waliopatwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Mtu wa namna hiyo anayasikia maneno yote, sarufi anaielewa yote, ila hali ya moyo ya msemaji ndiyo isiyomfikia. Nalitaja hili mapema kwa sababu tuna tabia ya kumwita mtu mjinga pale kejeli yetu inapomshinda. Huenda mwenzako hakupewa nusu ya habari uliyonayo wewe.

Hoja ya pili: vibali vitatu

Kibali cha kwanza ni utani. Ndani ya ukoo mnaufahamu: bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu," anamlalamikia kwamba haleti hata sukari, na mama wa mtoto anasikia yote hayo huku akiendelea kupepeta mchele. Maneno yale yale yakisemwa na jirani, nyumba itawaka moto.

Kisha kuna utani wa makabila. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana kwenye njia za misafara, Wanyamwezi wakishuka na mizigo kuelekea pwani. Nao ni watani. Mchaga atakwambia Mpare huuza ng'ombe apate fedha za kuendeshea kesi ya kuku. Mpare atajibu kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa kweli, dondosha shilingi karibu na maiti, kisha utazame. (Naona safu ya tatu wamegawanyika. Tulieni, nyote mna zamu.)

Mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kwa kirefu juu ya utani wa Tanganyika, miaka ya 1940, alikuwa Mwingereza Reginald Moreau, ambaye kazi yake wala haikuwa ya mila. Alikuwa mtaalamu wa ndege aliyekaa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu Usambara. Mtu aliyezoea kuangalia ndege yupi anamfukuza yupi na yupi anavumiliwa kiotani, nadhani hakupata shida kuona kwamba matusi ya watani yana mpangilio.

Mpangilio wenyewe unaonekana vizuri zaidi msibani. Mtani anafika watu wanalia. Anauliza wanalia nini, marehemu si alikuwa mchoyo? Anaiga mwendo wake na kikohozi chake. Akipata nafasi anashuka kaburini, anajilaza, anakataa kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mkosaji, na atatozwa. Mgeni asiyejua mila hii anaweza kudhani ameangukia katikati ya wendawazimu.

Lakini mtazameni mtani huyo huyo kabla ya maziko na baada yake. Ndiye aliyeshika jembe. Ndiye anayechota maji, anayepasua kuni, anayehakikisha wageni wamekula wakati wenye msiba hawajiwezi. Haki ya kumcheka marehemu ilikuja pamoja na wajibu wa kumchimbia kaburi. Na mfiwa anajua kwamba siku msiba utakapohamia kwa mtani, zamu ya kujilaza kaburini itakuwa yake. Leo nawaona vijana wanaodai "ni utani tu" baada ya kumdhalilisha mtu. Sawa. Jembe lako liko wapi?

Simba na Yanga magazeti huwaita watani wa jadi, na jina hilo limewakaa: Yanga ya 1935, Simba ya 1936, wanaishi mji mmoja, wanaoleana, wanazikana. Ila siku hizi nasikia majukwaani maneno ya kuwatakia wachezaji wavunjike miguu. Huo si utani wa jadi wala wa kisasa.

Kibali cha pili ni kanga. Hapa kejeli imetolewa mdomoni ikawekwa kwenye nguo. Mwanamke mmoja anajua kwamba jirani yake amemsema vibaya kisimani. Hasemi neno. Kesho yake anatoka kufagia uani akiwa amejitanda kanga yenye jina: Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Anafagia taratibu, upande ule unaotazama dirisha la jirani, mara mbili.

Jirani afanye nini? Aende kwa mjumbe wa nyumba kumi ashtaki kwamba mwenzake amevaa nguo? Mwenye kanga atajibu kwamba amenunua dukani kama watu wengine, na kama kuna aliyejihisi, hayo ni yake. Njia iliyobaki ni jirani naye kwenda mjini akatafute doti yenye jibu, kitu kama Hasidi hana sababu, na kesho naye afagie. Wenye maduka waliielewa biashara hii mapema. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa na wenzake wamekuwa wakiuza kanga tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mteja husoma jina kabla hajapima ubora wa pamba. Ugomvi ambao ungeishia kwenye kuvutana nywele unachukua wiki tatu, unawapa wauzaji riziki, na mara nyingi unakufa wenyewe, maana kanga huchakaa.

Kibali cha tatu ni ukumbi wa taarab. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alijulikana kwa nyimbo zilizowagusa hata mahakimu na wenye vyeo vyao. Baadaye, miaka ya 1990, Dar es Salaam ilishuhudia mashindano ya mipasho kati ya Tanzania One Theatre na Muungano, watu wakijaza kumbi ili wasikie nani leo kapashwa. Mwimbaji hataji jina. Ila tazameni wanaokwenda kutunza. Mama anakaa kimya wimbo mzima, unapofika ule ubeti anaoutaka ananyanyuka, anaitembeza noti juu juu ukumbini, anapita mbele ya meza fulani, ndipo anafika kwa mwimbaji. Wimbo umetungwa na mwingine, umeimbwa na mwingine, na ujumbe umefika. Usiku ukiisha, vyombo vinafungwa.

Nimekaa sana hapa kwa sababu vibali hivi vitatu, vilivyo tofauti hivi, vinafanana kwa mambo ambayo nitayahitaji mbele. Waliopo wanajua kwamba hii ni kejeli. Anayeguswa ana namna ya kujibu, kwa zamu yake, kwa kanga yake, au kwa noti yake. Na kuna mwisho: maziko yanakwisha, nguo inachakaa, ukumbi unafungwa.

Hoja ya tatu: mbele ya mwenye nguvu, kibali huibwa

Mtawala kwa kawaida hatoi kibali cha kuchekwa. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Sokrates alikutwa na hatia mbele ya mahakama ya Athens. Sheria ilimpa nafasi ya kupendekeza adhabu yake mwenyewe. Akasema anastahili kulishwa chakula na mji, bure, kama walivyolishwa mabingwa wa michezo ya Olimpiki. Wakamhukumu kifo. Alikuwa na akili nyingi, lakini kejeli ile ilimkosa mtani.

Watu wetu wamekuwa waangalifu zaidi. Shaaban Robert, mtoto wa Machui hapo jirani, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Aliipeleka nchi yake angani, nchi isiyokuwapo, yenye mawaziri, wajumbe na mashtaka ya dhuluma. Nani angemshtaki? Afisa ambaye angekasirika angekuwa amekiri kwamba nchi ile anaijua. Ni mbinu ile ile ya kanga: aliyejihisi ajitokeze.

Wasio waandishi walifanya kwa midomo. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Wenye umri wangu mnakumbuka miezi ile ilivyozidi kuongezeka, na namna watu walivyokuwa wakiulizana kwenye foleni ya sabuni kama mkanda bado una tundu. Ulipokuja unga wa mahindi ya njano, watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi, na mashabiki wa Simba wakaula huku wakilalamika kwamba wamelazimishwa kuhama timu. Kule Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa kikundi cha vichekesho cha Redykyulass walimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, sauti, rungu na yote, na watu waliokuwa wamezoea kuangalia nyuma kabla ya kulitaja jina hilo wakacheka kwa sauti.

Sasa niseme lisilopendwa. Wako wanaoisifu kejeli ya mnyonge kama vile ni mapambano. Mimi sina hakika nayo kiasi hicho. Tuliucheka mkanda na foleni tukaendelea kupanga. Kejeli ilitusaidia kusimama pale mpaka zamu ifike, haikuleta sabuni. Wakati mwingine mtu akishacheka anahisi amekwisha kutenda, akaenda kulala.

Na kuna wakati ilituumiza. Ukimwi ulipoingia, watu wa Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mijini wakasema fulani amekanyaga waya, amepata umeme. Herufi za jina lake la Kizungu, AIDS, zikapewa maana mpya ambayo vijana waliisema kwa kicheko: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Ukiisikiliza kwa makini, humo ndani kuna hofu tupu. Kijana anayejua kwamba jambo liko nje ya uwezo wake analisema kana kwamba amelichagua. Ilimpa ujasiri wa jioni moja. Lakini kicheko kile kiliwazuia wengi kuuliza swali la wazi mpaka walipokuwa wamekwisha kukonda, na mimi mpaka leo sauti ya maneno hayo inanikera kuliko tusi.

Hoja ya nne: kinaya cha mambo hakina msemaji

Hapa nitakuwa mfupi, maana wenyeji wa Tanga hawahitaji kufundishwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika 62 iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Kutoka miche hiyo 62 nchi hii ikaja kuongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 serikali ikatwaa mashamba mengi, nasi tukashangilia kwamba mali imerudi kwa wenyewe. Mali ilirudi bei ikiwa imekwisha kuanguka, kwa sababu viwanda vya nje vilikuwa vimegundua kamba za plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hata tani 30,000 zilikuwa taabu kufikiwa.

Kisha tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Wazee wa mkonge mkasema, sasa zamu yetu. Nendeni sokoni Mgandini mkatazame mifuko mbadala, ile laini inayofanana na kitambaa. Mingi imetengenezwa kwa polipropilini. Ni plastiki ile ile iliyoua kamba zenu, imerudi ikiwa imevaa nguo ya pamba.

Mfano wa pili ni wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi. Akiwa jela aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Ugumu wa kinaya cha namna hii ni kwamba tunatafuta mtu. Tunasema dunia inatucheka, bahati inatukejeli, kana kwamba yuko mahali fulani mwenye sauti ya mlinzi wa getini. Hayupo. Bei ya kamba haikujua kwamba sisi tumetaifisha. Nimewaona wastaafu wa mashamba waliotumia miaka mingi kumtafuta aliyewacheka, na wengine waliokaa barazani na wenzao waliopatwa na yale yale wakalisimulia jambo hilo mpaka likawa hadithi nzuri. Wa pili walizeeka vizuri zaidi. Kama kuna maelezo ya kitaalamu juu ya hilo, daktari aliyeko hapa atatusaidia wakati wa maswali.

Hoja ya tano: kejeli iliyoachwa bila kibali, na namna ya kuishi nayo

Chukueni yale matatu niliyoyataja: watu wanajua, anayeguswa anaweza kujibu, kuna mwisho. Sasa tuyapime kwenye maisha ya leo.

Mwanafunzi amekosea hesabu ubaoni. Mwalimu analigeukia darasa zima: "Makofi kwa profesa." Darasa linapiga. Je, mtoto anaweza kumjibu mwalimu kwa kejeli iliyo sawa na hiyo? Akijaribu ataitwa mtovu wa adabu na kuchapwa. Mwanamke yuko kwenye uchungu wa uzazi, anapiga kelele, mhudumu anamuuliza mbona wakati wa raha hakupiga kelele. Akina mama mliomo humu mnatikisa vichwa. Sikuwa na haja ya kutaja wodi. Mwenye kusema anashika mkononi maisha ya anayeambiwa. Hapo hakuna utani, hata kama wahudumu wenzake wamecheka. Kejeli inayoshuka kutoka juu kwenda kwa asiyeweza kujibu ni uonevu uliovaa tabasamu, na dawa yake si kumfundisha mnyonge avumilie. Dawa ni kumwambia mwenye nguvu aache, na hilo ni jukumu la wenzake waliosimama karibu. Mwalimu mkuu aliyesikia makofi yale ana la kufanya kabla mtoto hajafika nyumbani.

Simu nazo. Kamati ya harusi ina kundi la WhatsApp, mweka hazina ametoa hesabu, mjumbe mmoja anaandika: "Hongera sana kwa kazi nzuri, mweka hazina wetu." Hakuna sauti, hakuna jicho, hakuna kichwa kilichoinama upande. Amesifiwa au amepashwa? Mweka hazina halali. Wajumbe 60 nao kila mmoja anasoma lake. Na lile la mwisho ndilo baya zaidi: ujumbe haukwishi. Unapigwa picha, unapelekwa kundi jingine ambako hawamjui mjumbe wala mweka hazina, na mwaka kesho utafufuliwa kwenye harusi nyingine. Kanga ingekuwa imechakaa.

Nifanye nini, basi, mimi niliyeangukiwa? Sina dawa moja. Nina mambo niliyoona yakifanya kazi.

La kwanza ni kuipokea kejeli kwa uso wake. "Leo umewahi, bosi." "Nashukuru, kesho nitawahi zaidi." Umekubali kosa bila kuinamisha kichwa, na mlinzi naye amepata kicheko chake. Linafaa pale ambapo msemaji hana ubaya, na kwa kweli mara nyingi hana.

La pili linahitaji moyo mgumu kidogo: uliza. "Mjomba, hapo una maana gani?" Kejeli haipendi swali hilo. Msemaji inambidi achague, ama aseme wazi lile alilolificha na kubeba lawama yake, ama arudi nyuma aseme alikuwa anatania. Kwa vyovyote jambo limetoka kwenye giza. Ila uliza kwa upole, na kama ni mkubwa wako, uliza pembeni. Ukimuuliza mbele ya watu umempasha na wewe, mtakesha.

Kwenye simu, usijibu ujumbe unaoutilia shaka. Piga. Sauti ya mtu ikisikika, nusu ya mashaka huondoka kabla hajamaliza salamu. Mweka hazina wetu angepiga simu usiku ule angepata usingizi, au angepata ugomvi wa kweli wenye mwisho. Vyote viwili ni nafuu.

Na wakati mwingine, wazee wangu, kanga haikuvaliwa kwa ajili yako. Mwenzako ameipenda rangi. Hilo nalisema hasa kwa sisi wasomi, tuliofundishwa kutafuta maana ya ndani kwenye kila kitu mpaka tumeanza kuikuta hata isipokuwapo. Asiyejua kejeli anapitwa na machache. Anayeiona kila mahali hawezi tena kupokea hata "pole" ya kweli.

Kwa anayetoa kejeli nina maswali mafupi. Huyu ataweza kunijibu? Waliopo wanajua kwamba natania? Na akifiwa kesho, nitakwenda kuchota maji? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, yaseme maneno yako wazi au yameze.

Kazi iliyo mbele

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami naiheshimu, kwa maana halisi ya neno hilo.

Nina pendekezo. Mkoa huu una Wadigo, Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wasegeju, na watu wa makabila ya mbali walioletwa na mashamba ya mkonge wakabaki. Wote hawa wana utani: nani anamtania nani, kwa sababu gani, nini kinaruhusiwa msibani na nini hakiruhusiwi hata kwa mtani, faini hutozwaje. Moreau aliyaandika aliyoweza kuyapata. Wazee wenye kuyajua mengine wako hai, baadhi wako mbele yangu. Naomba vijana wa sekondari mliopo mgawane mitaa na vijiji, mwende mkawasikilize, mrekodi sauti, si maandishi peke yake, kwa sababu kama nilivyosema kejeli bila sauti hupotea nusu. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuifanya kuwa kazi ya likizo ya Desemba. Kundi la pili liandike kanuni za makundi ya simu, za kamati za harusi na za misiba, zitakazosema nani ana ruhusa ya kutania ndani ya kundi na mzaha ufungwe lini. Najua mtacheka. Lakini hata utani wa msibani kuna siku ulikuwa bado haujapatiwa kanuni, akatokea mtu akazitafuta.

Daftari la majina liko kwa katibu, meza ya kulia karibu na mlango. Kuna nafasi ya kuandika kijiji unachotoka na kabila la watani wako. Tutakutana tena baada ya mfungo kusikiliza yatakayokuwa yamepatikana, na Wapare na Wachaga watakaa pande tofauti za ukumbi. Sasa nayakaribisha maswali. Nitaanza na wale waliosimama.